Uliza Fundi wa Video: Slomo ya Kondele, Mistari Myeusi ya Nakuru na Kwaya Yenye Maporomoko ya Kubandika

Barua za mwezi huu karibu zote ni za video za muziki na nyingi zimetoka huku kwetu, Kisumu, Nakuru na Magharibi, kwa hivyo maswali ya kamera za harusi nimeyaweka kando mpaka toleo lijalo. Zile ndefu nimezifupisha, kuna mtu alituma mashairi ya wimbo wake wote na verse ya tatu bado hajaandika.

SWALI: Niaje Fundi. Mimi ni rapa wa hapa Kondele, tunashuti na simu ya beshte yangu. Naona video msanii anatembea polepole, shati inapepea polepole, lakini mdomo unaenda sawa na wimbo. Mimi nikiweka slomo mdomo unabaki nyuma inakaa zile sinema za Kichina zilizotafsiriwa. Wanatumia app gani? – Kijana wa Kondele

JIBU: Poa sana kijana. Hakuna app hapo, ni hesabu, na inafanywa siku ya kushuti, ukingoja mpaka wakati wa kuediti umeshachelewa. Iko hivi: wimbo unachezwa mbio kwa spika, wewe unaimba nao mbio hivyo hivyo, halafu picha ikipunguzwa spidi mdomo wako unaangukia kwa spidi ya kawaida ya wimbo lakini mwili na nguo na vumbi la barabara vinabaki vinaenda polepole. Simu nyingi siku hizi zinashuti fremu 60 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video), sasa kama video yako itamaliziwa kwa fremu 30 maanake picha inapunguzwa mara mbili, kwa hivyo na wimbo ucheze mara mbili ya spidi yake. Mwenye kamera kubwa anashuti 50 anamalizia 25, hesabu ni ile ile. Bendi ya The Police walifanya hivyo 1983 kwenye video ya Wrapped Around Your Finger, mwimbaji wao Sting anakimbia katikati ya mishumaa huku wimbo unapigwa mbio, na kwa skrini unaona mtu anaelea tu hana haraka na dunia.

Sasa shida yako wewe ni rapa, na kurap mara mbili ya spidi yako ulimi utajifunga kabla ufike mstari wa pili. Kuna njia mbili. Ya kwanza shuti fremu 30 umalizie kwa 24, wimbo ucheze asilimia 125, slomo inakuwa kidogo tu lakini macho ya mtu yanaisikia, unaonekana mzito hivi, unaonekana una pesa. Ya pili, na hii ndio ningechukua mimi, slomo iweke kwa korasi peke yake na verse uziache zikimbie kawaida, kwanza inapendeza zaidi maana mtu akiona slomo dakika tatu mfululizo anaanza kusinzia.

Na kuna ya kugeuza, ambayo sijui kwa nini watu wa Kisumu hamuitumii na mko na soko la Kibuye hapo. Cheza wimbo nusu ya spidi, simama katikati ya njia ya soko, imba polepole kabisa na usitikisike sana, shuti kawaida, halafu kwa kuediti iongeze spidi mara mbili. Wewe utaonekana unaimba sawa na watu nyuma yako wote wanakimbia, mikokoteni inapita shwii, boda zinapita shwii. Tena ni bure. Kitu muhimu ni upate ruhusa ya wenye vibanda na usizibe njia.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Spika iwe na sauti ya kutosha na wewe uimbe kwa sauti yako kamili, si kufungua mdomo tu, sababu mtu akiimba kweli shingo inakaza na kifua kinapanda, akifeki kamera inaona. Na wimbo unaochezwa pale uwe ule ule wa mwisho kutoka kwa prodyuza. Ukishuti na demo halafu prodyuza akaongeza mapigo mawili kwa dakika, mdomo utapotea tena na utarudi kuniandikia.

SWALI: Fundi, tulishuti ndani ya kinyozi hapa Section 58 Nakuru, taa ni zile ndefu nyeupe. Kwa simu ilikuwa sawa lakini kwa kompyuta tunaona mistari myeusi inapanda na kushuka ukutani. Simu imeharibika? – Wa Nakuru

JIBU: Simu ni nzima. Stima ya Kenya ni ya 50Hz kwa hivyo taa nyingi, hasa zile ndefu na LED za bei rahisi, zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Simu yako ikiachwa ijiamulie mara nyingi inachagua shata (muda ambao kamera inafunguka kwa kila fremu) ya sekunde 1/60 au fupi zaidi na hapo ndio mistari inaingia. Tafuta app ya kamera inayokubali uweke shata mwenyewe, weka 1/50 au 1/100, na fremu 25 kama ipo. Kwa kile mlichoshuti tayari hakuna dawa nzuri, kuna programu zinapunguza lakini ukuta mweupe ndio mgumu zaidi. Rudini kwa kinyozi.

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Mimi ni katibu wa kwaya yetu huku Vihiga. Video yetu ya kwanza dairekta alitutundikia kitambaa cha kijani akatuwekea maporomoko ya maji nyuma. Watu wa kanisa wanacheka, wanasema vichwa vyetu vina moto wa kijani pembeni na sketi za sauti ya pili hazionekani, maji yanapita ndani yake. Tunaingia studio tena mwezi ujao. Tufanyeje? – Mama Katibu

JIBU: Bwana asifiwe sana mama. Pole, lakini hiyo ya maji kupita kwa sketi nimecheka na mimi, naomba mnisamehe. Bila shaka sketi zilikuwa na kijani, hata kidogo tu ya maua. Kompyuta inaambiwa "toa kila kitu cha kijani," inatoa, haijui hii ni sketi na hii ni pazia. Kama sare yenu iko na kijani mwambieni dairekta alete kitambaa cha bluu.

Ule moto wa pembeni ni mwanga wa kitambaa unaruka unawapiga mabegani, na unatokea mkisimama karibu nacho mno. Sogeeni mbele mita mbili au zaidi. Kitambaa kiwe na taa zake peke yake zinazokimulika sawa kutoka pande zote mbili, kipigwe pasi, kivutwe kisiwe na mikunjo, na nyinyi muwe na taa zenu. Halafu kuna kitu madairekta wengi wa kwaya wanaruka, mwanga ufuate picha ya nyuma. Kama kwenye yale maporomoko jua linatoka kushoto basi na nyinyi mumulikwe kutoka kushoto, la sivyo hata kama kingo zimekatwa vizuri mtu anaangalia anahisi kuna uongo mahali, hawezi kusema ni wapi.

Lakini mama wacha niseme ukweli wangu. Mnatoka Vihiga, mko na yale mawe makubwa ya milima ya Maragoli ambayo mtu wa Nairobi angelipa nauli kuja kusimama juu yake, na mnabandika maporomoko ambayo nina hakika si ya Kenya. Kama lazima maji, Nabuyole ya Webuye ni safari ya asubuhi moja. Kama ni msitu, Kakamega iko hapo, ingawa ndani ya msitu ni giza kuliko unavyodhani na nguo za rangi nzito zitamezwa, vaeni nyeupe au njano. Hela za kukodi taa na kulipa mtu wa kubandika zitatosha matatu moja ya kuwabeba wote na chakula. Na mkifika huko msijipange mistari mitatu mkaanza kuyumba kushoto na kulia wimbo mzima, hiyo tumeona. Wagaweni, sauti ya kwanza juu ya jiwe, besi wanapanda kutoka chini, solo atembee katikati yao, kamera itapata kitu cha kufuata.

SWALI: Fundi nisaidie, kwa simu ya kawaida nitashuti wima ama kulala? – Msomaji, Busia

JIBU: Lala. Vipande vya wima vya kuweka kwa TikTok shuti kando siku hiyo hiyo, usikate kutoka kwa ile ya kulala maana utabaki na nusu uso.

SWALI: Jatelo, mimi ni mpiga ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, huku Bondo. Edita wetu amemaliza video, ni kijana mkali sana na kompyuta, lakini kila sekunde picha imebadilika, mara kiatu mara ngoma mara uso mara ng'ombe wa jirani. Wachezaji wangu walifanya mazoezi sana na hata hawaonekani wakicheza. Nikimwambia ananiambia ndio staili ya kisasa. Nani yuko sawa? – Jathum wa Bondo

JIBU: Wewe uko sawa jathum, ingawa huyo kijana hajakosa yote. Kukata picha kwa mapigo ni staili halali na ina utamu wake, lakini ina hesabu. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, mapigo manne ni sekunde mbili, na kama video ni fremu 25 hizo ni fremu 50. Ukikata kila pigo jicho linapata nusu sekunde kujua linaangalia nini, likianza kuelewa limeshanyang'anywa. Na ohangla kwa kawaida ni mbio, kwa hivyo ukifuata kila pigo hata hiyo nusu sekunde hupati. Mwambie akate mwisho wa mapigo manne au manane, zile za haraka azihifadhi kwa pale ngoma zinapobadilika, hapo zitapiga kweli kweli.

Halafu dansi ina sheria yake. Mtu anayecheza aonekane kutoka kichwa mpaka unyayo, na aachwe amalize mzunguko wa kiuno kabla ukate. Ukikata katikati ya mwendo hata mchezaji mbovu anaonekana mzuri, ndio maana video za watu wasiojua kucheza zinakatwa sana, we angalia tu. Mwenye wachezaji wazuri anafanya kinyume. Beyoncé 2008 kwenye Single Ladies alisimama na wenzake wawili, ukuta mtupu, nyeusi na nyeupe, kamera inawazunguka na kukata ni kidogo sana, na ikawa video ambayo kila harusi watu wanaiga. Hakukuwa na ng'ombe.

Kitu kingine mwambie edita asikate sura yako peke yake na mikono ya wapiga ngoma akaisahau. Ngoma za huku kwetu nusu ya utamu ni mkono. Hata isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ile UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ukiishuti bila kuonyesha vile ngoma kubwa na ndogo zinajibizana umeonyesha watu wanaruka tu. Kwa hivyo siku ya kushuti cheza wimbo mara moja nzima kamera iko kwa mikono peke yake, mwanzo hadi mwisho. Edita akiwa na hiyo hatahitaji kutafuta mifugo.

SWALI: Sisi ni kundi la watu watatu Bungoma, hatuna pesa ya edita kabisa. Tunaweza kushuti wimbo mzima bila kukata hata mara moja? – Watatu wa Kanduyi

JIBU: Mnaweza, na mjue mnahamisha gharama kutoka kwa edita mnaiweka kwa mazoezi. Bendi ya OK Go wa Marekani 2006 walifanya Here It Goes Again kwa picha moja bila kukata, wanaume wanne juu ya mashine 8 za kukimbilia za jimu, na aliyewapangia hatua ni dada ya mwimbaji. Kamera yenyewe imesimama tu haiendi popote. Hiyo ndio siri ambayo watu hawaioni, kitu kimoja kitembee, kamera ama nyinyi, mkitembea wote mbio kila mahali mtagongana.

Kwenu ningesema chagueni njia moja, tuseme kichochoro cha soko la Chwele mkitokea duka hadi uwanja, na mpime na wimbo. Pigeni alama za chaki chini, "mstari huu wa korasi tukiwa kwa mlango wa bluu," na mtembee hivyo bila kamera mpaka mtu anayebeba simu anajua bila kuangalia chini. Mbeba simu akodi gimbal (kile kishikio kinachozuia picha isitetemeke) ama akae ndani ya mkokoteni wenye matairi ya upepo na mtu anayejua kusukuma, upepo upunguzwe kidogo, utashangaa vile picha inateleza. Sasa pale mnapotoka ndani ya duka kwenda nje ndio pagumu, simu itajirekebisha mwanga yenyewe na picha itapasuka nyeupe halafu ipone, inaonekana vibaya. Fungieni mwanga kabla hamjaanza, kwa simu nyingi unabonyeza skrini ukashikilia mpaka iandike imefungwa, na mfungie kwa mwanga wa nje, ndani ya duka pawe giza kidogo, haidhuru, hata inapendeza.

Na kama dakika ya tatu mtu anateleza kila mara, ibeni. Kamera ipite nyuma ya nguzo au mgongo wa mtu aliyevaa nyeusi mpaka skrini iwe giza, mkate hapo, muanzie hapo tena. Au igeuzwe haraka pembeni picha ivurugike halafu muendeleze kutoka kwa mvurugiko mwingine. Wakubwa wote wanaiba hivyo. Na hiyo kazi ya kuunganisha vipande viwili hata simu inaweza, hamhitaji edita.

SWALI: Nataka ile ya sura yangu inajirudia rudia inaenda mbali, nyingi nyingi. Kompyuta sina. – Dada wa Kakamega

JIBU: Dada yangu, bendi ya Queen walikuwa nayo 1975 kwenye Bohemian Rhapsody na hawakutumia kompyuta, vituko vyote vilifanyika pale pale wakirekodi. Walielekeza kamera kwa skrini inayoonyesha kile kamera yenyewe inachukua, kwa hivyo skrini inajiona ndani ya skrini, na sura inakimbia kwenda mbali. Wewe unganisha simu na TV ionyeshe kile kamera inaona, simama pembeni ya TV, elekeza simu ikushike wewe na TV pamoja, zima taa za chumba zibaki zako. Uigeuze simu kidogo tu kuinama na picha zitajikunja. Ukiunganisha bila waya picha inachelewa kidogo, basi sura za mbali zinafuata za karibu kwa kuchelewa, wengine wanaipenda hivyo.

SWALI: Tunataka kushuti video Dunga jua likizama, na droni juu ya ziwa. Mtu anatuambia tutashikwa. Ni kweli? Na tufike saa ngapi? – Nyar Kisumu

JIBU: Nianze na jua maana haliombi leseni. Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta kwa hivyo jua linaanguka wima, haliteremki kwa kuinama polepole vile unaona kwa video za Ulaya. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwanga mzuri wa dhahabu unapata nusu saa hivi, na likishazama dakika ishirini na kidogo giza limeingia. Wasanii wengi wanafika saa kumi na mbili, wanaanza kupaka mafuta, na video inaishia gizani. Fikeni saa tisa. Shutini vitu vya kawaida kwanza, mashua, mafunjo, wauza samaki (waulizwe na walipwe kitu), mfanye mazoezi ya ile sehemu ya machweo jua bado liko juu, likifika mnaimba mara mbili tatu tu mnamaliza. Jua likiwa nyuma yako simu itaangalia anga na uso wako utakuwa mweusi ti, kwa hivyo bonyeza pale usoni ufungie mwanga, na mtu mmoja ashike manila nyeupe au ile stairofomu ya boksi la TV karibu na wewe chini ya fremu, irudishe mwanga usoni. Kama unataka kivuli tupu cha mtu na mashua basi fanya kinyume, fungia kwa anga.

Sasa droni. Ndiyo, mnaweza kushikwa. Droni Kenya inasajiliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na anayeirusha kwa kazi ya biashara anatakiwa awe na idhini yao, na uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa hilo hilo, ndege zinashukia hapo, si mahali pa kujaribu bahati. Tafuteni mtu aliye na makaratasi, mumuulize ayaonyeshe kabla hamjalipa deposit, na yeye ndiye aombe ruhusa ya kurusha siku hiyo. Mbali na hiyo kushuti video ya kutolewa hadharani kunahitaji leseni ya kurekodi ya KFCB, ile bodi ya filamu, na waulizeni pia kaunti na wenye ufuo wa Dunga. Ikiwa mtahamia mahali pa KWS, shirika la wanyamapori, tuseme hifadhi ya Impala hapo karibu au Lake Nakuru, hao nao wana ruhusa yao na ada yao, tena droni hawaitaki kabisa bila barua.

Kama hayo yote yanazidi bajeti, pandeni mashua ya pili. Kamera ikae chini karibu na maji, mashua ya msanii ipite kati yenu na jua, na mwenye injini aizime mbele kidogo mteleze tu, picha isitetemeke. Jaketi za kuokolea ni lazima kwa wote walio kwa mashua ya kamera, na msanii avae yake chini ya koti kubwa.